Mkubwa akijisimulia, msikilize pale panapomuuma

Novemba 12, 2019, siku aliyotimiza miaka 81, Rais mstaafu wa Tanzania, Benjamin William Mkapa, alizindua kitabu cha maisha yake jijini Dar es Salaam, mgeni rasmi akiwa Rais John Magufuli. Kitabu kina mengi: utoto wa Lupaso kule Masasi, masomo ya Makerere, miaka ya uhariri katika magazeti ya chama na ya serikali, ubalozi, uwaziri, na hatimaye miaka 10 ya Ikulu. Lakini kurasa zilizozua mazungumzo zaidi zilikuwa chache. Ni zile anazogusia mauaji ya Januari 26 na 27, 2001, ambapo zaidi ya watu 30 walikufa Zanzibar, wengi wao Pemba, vyombo vya dola vilipowakabili wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF waliokuwa wakiandamana baada ya uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mkapa alikubali kwamba tukio lile limebaki kuwa doa katika urais wake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kurasa chache za majuto zizungumzwe kuliko sura nzima za ubinafsishaji, ukusanyaji wa kodi na msamaha wa madeni. Sababu ni kwamba mafanikio ya mkubwa tulishayasikia. Yalisomwa bungeni, yakatangazwa redioni, yakaandikwa kwenye vitambaa barabarani. Tusilolijua ni namna mwenyewe alivyojiona alipokuwa akiyatenda, na anavyojiona sasa akitazama nyuma. Kitabu cha maisha ni nafasi adimu ya kutuambia hilo. Anayeitumia kurudia hotuba zake amejichosha bure, na sisi ametuchosha pia.

Hoja ya makala haya ni hiyo. Simulizi ya mtu maarufu haipati uzito kwa ukubwa wa mambo aliyoyatenda. Uzito wake huonekana anapofika mahali panapomuuma: je, anapita upesi, anazunguka, au anasimama? Historia ya Afrika Mashariki ina mifano ya kila aina.

MFANYABIASHARA NA BINTI WA SULTANI

Kujisimulia kwa maandishi si jambo geni pwani. Mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemfahamu zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Alikuwa mzee aliyekwisha kurudi Unguja kutoka bara. Maandishi yake yalichapwa Berlin mwaka 1902 na 1903, na yanahesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu.

Simulizi yake inakwenda mbio: safari, pembe za ndovu, madeni, vita, faida, kisha safari tena. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Utetela, katika Kongo ya leo. Alipata habari kwamba mtawala mzee wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa na ndugu wa kike waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Tippu Tip akajitokeza na kudai kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akamwamini, akamkabidhi utawala, na pembe zikaanza kumiminika. Yote haya anayaeleza bila kupepesa macho, kama mchuuzi anayesimulia alivyopata bei nzuri mnadani. Haoni haya, wala hatafuti huruma ya msomaji.

Kwa anayetaka kujua njia za misafara na mahesabu ya biashara ile, hakuna shahidi mzuri kuliko yeye. Lakini waliobebeshwa pembe, waliochomewa vijiji na waliouzwa hawana sura katika masimulizi yake. Unamaliza kusoma ukizijua njia zote alizopita, na hujui kama aliwahi hata mara moja kujiuliza swali juu ya nafsi yake. Nyani haoni kundule, na Tippu Tip hakujishughulisha kulitafuta.

Miaka kumi na kadhaa kabla yake, binti wa Unguja alikuwa ameshafanya jambo la aina nyingine. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Alijifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana kuandika hakukuhesabiwa kuwa kazi ya mwanamke. Mwaka 1866 alitoroka kwenda kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa kwa jina la Emily. Mumewe akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi isiyokuwa yake. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886. Mwenyewe anasema alianza kuziandika kwa ajili ya wanawe, ili wajue mama yao alitoka wapi.

Salme anajua kujitetea, na mara nyingine anawatetea wakubwa wa ukoo wake kuliko haki inavyoruhusu. Utumwa, kwa mfano, anauzungumzia kwa macho ya aliyehudumiwa. Lakini alipofika mwaka 1859 alisimama. Mwaka huo ndugu yake Barghash alipanga kumpindua ndugu yao, Sultani Majid, na Salme, msichana wa miaka 15, akawa mwandishi wa barua za siri za njama ile kwa sababu alijua kalamu. Njama ikashindwa, watu wakafa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme hafichi kwamba mkono wake ulikuwamo, wala kwamba Majid, ambaye hakuwa amemkosea, alimsamehe. Historia nayo ikaongeza la kwake: Barghash, ambaye Salme alikuwa amemsaidia, alipokuwa Sultani, na Salme akarudi Unguja mwaka 1885 akiwa na meli za Wajerumani, kaka yule alikataa kumpokea.

Maisha ya wawili hawa yanafunza kitu kimoja. Tippu Tip alipita katika dunia kubwa zaidi kuliko Salme: alikutana na mpelelezi Stanley, akafanywa gavana na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akamiliki mashamba makubwa Unguja. Salme alikuwa mjane anayefundisha lugha ili watoto wale. Ukitaka kujua biashara, soma cha Tippu Tip. Ukitaka kujua mtu, soma cha Salme.

NGUO HUSEMA KABLA YA MDOMO

Si wakubwa wote walioandika. Na hata walioandika, watu waliwasoma kwanza kwa macho. Jomo Kenyatta alipotoa kitabu chake cha mila za Wakikuyu mjini London mwaka 1938, alijitokeza pichani amejifunga vazi la ngozi, mkuki mkononi. Huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyefundishwa na Profesa Malinowski, na ambaye katika mitaa ya London alivaa koti kama wenzake. Picha ile ilikuwa hoja: nawaelezeni watu wangu nikiwa mmoja wao, wala simhitaji mmishonari anieleze. Baadaye, akiwa Rais wa Kenya, alivaa suti nzuri na kushika usinga. Kila vazi lilikuwa na msikilizaji wake.

Jaramogi Oginga Odinga alilibeba jambo hili hadi kwenye jina. Katika kitabu chake cha mwaka 1967, kilichotoka baada ya kujiuzulu umakamu wa rais wa Kenya, anaeleza alivyoyaacha majina ya ubatizo na alivyogombana na wakuu wa kanisa alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya mababu. Kofia yake ya shanga na usinga wake vilisema hayo hayo kwa wasiojua kusoma. Miaka miwili baada ya kitabu kutoka, akawekwa kizuizini.

Kwa Watanzania, vazi la siasa lina sura ya Mwalimu Julius Nyerere: suti ya mikono mifupi isiyo na tai, kofia, na kifimbo. Lilikuwa vazi la mtu anayewaambia wenzake kwamba uongozi si karamu. Lakini siasa ya mavazi ina upande wake mkali. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, uliendesha Operesheni Vijana, na wasichana wa Dar es Salaam waliovaa sketi fupi wakasumbuliwa mitaani kwa jina la utamaduni. Kuchagua vazi ni kujieleza. Kuwachagulia wengine ni kutawala, na waliochaguliwa walikuwa zaidi wanawake.

Ndiyo maana kisa cha mwimbaji Siti binti Saad kinastahili kusomwa upya. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, akapewa jina la Mtumwa. Akiuza vyungu alikuwa akiimba. Alipohamia mjini na kuanza kupata jina, wapinzani walimsimanga kwa sura yake, kwa nasaba yake na kwa shamba alikotoka. Jibu lake lilikuja katika taarabu: kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti ya binti wa mfinyanzi ikaingia katika nyumba za waungwana waliomcheka.

Siti hakuacha kitabu cha kuandika mwenyewe. Aliyemwandikia ni Shaaban Robert, ambaye wasifu wake wa Siti ulichapwa mwaka 1958, miaka minane baada ya mwimbaji huyo kufariki. Karani wa serikali kutoka Tanga, ambaye naye alikuwa ameandika maisha yake mwenyewe, alimwona mwimbaji huyu kuwa anastahili heshima ambayo wakati ule ilitolewa kwa masultani na magavana. Hilo peke yake lilikuwa tamko la kisiasa.

WANAWAKE WASIOPEWA KALAMU

Bibi Titi Mohamed naye hakuandika. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam kabla ya kuingia TANU. Katika miaka ya 1950, chama kilipohitaji watu, ni vikundi vile vya ngoma na mitandao ya wanawake waliozoea kuchangiana harusini na misibani ndivyo vilivyojaza mikutano ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Kwa miaka mingi jina lake likawa halitajwi.

Simulizi yake tunayo kwa sababu mwanahistoria wa Kimarekani, Susan Geiger, alikaa naye katika miaka ya 1980 akamsikiliza, na mwaka 1997 akatoa kitabu juu ya wanawake wa TANU. Bibi Titi anazungumza kama mtu asiye na cheo cha kulinda. Alikwisha kupoteza cheo, uhuru na marafiki. Leo barabara kubwa ya katikati ya jiji inaitwa kwa jina lake, lakini abiria wanaoipita kila siku wengi hawajapata kusoma neno lake hata moja. Kibao cha barabara hakiwezi kufanya kazi ya simulizi.

Profesa Wangari Maathai wa Kenya alikuwa na kalamu, na aliitumia. Kitabu chake cha mwaka 2006, kilichotoka miaka miwili baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, kinaeleza kwa kirefu vita vya mwaka 1989 vya kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, Nairobi. Wabunge walimshambulia, na silaha waliyoishika upesi ni talaka yake: mwanamke aliyeachwa na mume atatufundisha nini? Jibu lake lilikuwa kuwarudisha kwenye kichwa, mahali mawazo yanapokaa, badala ya viungo vingine vya mwili wa mwanamke walivyopenda kuvifikiria. Jengo halikujengwa.

Lakini nguvu ya kitabu chake iko nyumbani kuliko bustanini. Anaeleza jinsi ndoa ilivyovunjika hadharani mwishoni mwa miaka ya 1970, kesi ikiandikwa magazetini kwa furaha. Anaeleza alivyosema katika mahojiano kwamba jaji ama hana uwezo ama ni fisadi, akahukumiwa miezi sita kwa kuidharau mahakama na kukaa ndani siku tatu. Anaeleza alivyokosa fedha akalazimika kuwaacha watoto kwa baba yao akachukua kazi nje ya nchi. Aliyekuwa mumewe alipomtaka aache kulitumia jina lake la Mathai, yeye aliliongeza herufi moja, likawa Maathai, na kwa jina hilo dunia nzima ikamjua.

Mama anayesema hadharani kwamba aliwaacha watoto wake kwa muda, katika jamii inayomhukumu mama kuliko baba, hajipambi. Aliyeandika hayo hakuwa na sababu ya kuyaandika isipokuwa kwamba yalikuwa kweli. Na kwa sababu aliyasema, tunamwamini anapoeleza ushindi wake pia.

MWALIMU ASIYEANDIKA MAISHA YAKE

Nyerere aliacha hotuba nyingi, tafsiri za Shakespeare na vitabu vya siasa, lakini hakuacha kitabu cha maisha yake. Hata hivyo hakuna kiongozi wetu aliyelizungumzia kosa kama yeye. Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akarudi kujenga chama, na mwaka huo huo akaandika kijitabu cha Tujisahihishe. Humo aliwaonya wenzake juu ya ubinafsi, woga wa kukosoana, na mazoea ya kupima hoja kwa kumtazama anayeisema. Kwake, ukweli haukujali cheo cha mtu.

Mwaka 1977, Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilipotimiza miaka 10, alitoa taarifa ya tathmini. Angeweza kuandika sherehe. Badala yake alieleza yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana, akakiri kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijaweza kujitegemea. Huyo ni Rais aliye madarakani, mwenye chama kimoja na magazeti ya serikali, ambaye hakuna mtu angemlazimisha kusema.

Lakini ni haki kuuliza pia alisimama wapi na alipita upesi wapi. Kujisahihisha kwake kulikuwa zaidi kwa "sisi" kuliko kwa "mimi". Juu ya watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, juu ya waliowekwa kizuizini bila kesi, juu ya Bibi Titi mwenyewe, tunayo maneno machache sana ya Mwalimu akizungumza kama mtu mmoja aliyeamua jambo na akalibeba. Kitabu cha maisha kingemlazimisha kubadili nafsi hiyo. Pengine ndiyo sababu hakukiandika, na pengine ni kazi tu zilizomzidi hadi kifo kilipomkuta London mwaka 1999.

WAWILI WA IKULU

Mrithi wa Nyerere, Ali Hassan Mwinyi, alichukua njia tofauti. Kitabu chake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 8, 2021, Mzee akitimiza miaka 96. Kimeandikwa kwa Kiswahili, kwa lugha ya mwalimu wa zamani anayejua kusimulia. Mwinyi alizoea kusema kwamba kila zama na kitabu chake, na watu wakacheka. Lakini ndani ya kauli hiyo mna unyenyekevu wa mtu asiyejiona kuwa historia ilianza naye wala itaisha naye.

Jambo ambalo ningempa kila kijana anayetaka siasa alisome ni la miaka ya 1970. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Vyombo vya usalama, katika kuchunguza mauaji ya vikongwe na uchawi Mwanza na Shinyanga, viliwatesa watuhumiwa na baadhi yao wakafa. Hakuwapo mahali pale, hakutoa amri ile, lakini wizara ilikuwa yake, na mwaka 1977 akajiuzulu. Miaka minane baadaye akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Waliodhani kujiuzulu ni kujizika walionyeshwa kinyume chake.

Mwinyi na Mkapa wanakutana hapo. Mmoja aliwajibika papo hapo, akaondoka. Mwingine alibaki, akaendelea kutawala karibu miaka mitano zaidi, akasema baadaye. Msomaji mkali atasema kukiri baada ya miaka 18, ukiwa umestaafu, si gharama kubwa, na waliofiwa Pemba wana haki ya kulisema hilo kwa sauti. Nakubaliana nao. Lakini nakubaliana pia kwamba kati ya rais anayelitaja doa lake na anayelifunika hadi kaburini, wa kwanza ametuachia kitu cha kujenga juu yake. Mkapa alifariki Julai 2020, miezi minane tu baada ya uzinduzi. Angesubiri kidogo, tungekosa hata hicho.

WALIOONDOKA KIMYA

Wapo wengi tuliowakosa. Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, aliuawa Aprili 7, 1972. Edward Moringe Sokoine alikufa kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984 akiwa Waziri Mkuu. Wote wawili waliondoka bila kutuambia waliyaonaje maamuzi yao wenyewe, na hadi leo nafasi hiyo inajazwa na uvumi, sifa na lawama za watu wengine. Simulizi ya mtu ikikosekana, mahali pake hapabaki wazi. Watu hutunga.

Bado wapo wastaafu wengi walio hai: mawaziri, majaji, makatibu wakuu, wanamuziki, makocha, masheikh na maaskofu. Wengine wanaandika sasa. Kwao nina maombi matatu. La kwanza, andikeni kwa Kiswahili, au hakikisheni Kiswahili hakichelewi kufuata. Wananchi mliowatawala kwa lugha hii wana haki ya kuwasoma kwa lugha hii. La pili, wasiojua kuandika vizuri wasione haya kuketi na mwandishi kijana mwenye kinasa sauti, kama Bibi Titi alivyoketi na Geiger. Na wahariri wetu wawatume vijana hao kabla wazee hawajaondoka. La tatu ndilo gumu: taja angalau uamuzi mmoja uliomwumiza mtu, mtaje mtu huyo, na useme ulikuwa ukifikiri nini siku ile. Uchumi ulivyokua katika kipindi chako tutausoma katika kumbukumbu za Bunge. Hilo jingine hatuna pengine pa kulisoma ila kwako.